Maswali ya Wasomaji: Kuvuka Mstari wa Vita kwa Makasia

SWALI: Mhariri, salamu. Nasikia Waholanzi waliwapa nishani wapiga makasia waliopenya usiku katikati ya majeshi mawili, wakivusha barua na watu. Walipitaje? Na mbona hawakutumia injini?
Nahodha, Matondoni, Lamu

JIBU: Nahodha, hao ni wavushaji wa Biesbosch. Mwishoni mwa 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, kusini mwa Uholanzi kulikuwa kumekombolewa, kaskazini bado kumeshikwa na Wajerumani. Kati ya mto Amer na Nieuwe Merwede pakabaki Biesbosch: visiwa vya matope, matete na mierebi, na vijito vingi vya kupotezana. Aliyezoea kupita Mkanda, mlango wa maji wa huko kwenu Lamu, ataelewa haraka, ingawa huko hakuna mikoko.

Watu 21 walivuka mara 374, kwa mitumbwi myepesi na mashua za makasia. Njia zilikuwa mbili: Werkendam hadi Drimmelen, na Sliedrecht hadi Lage Zwaluwe. Injini ingewaumbua, maana usiku wa shwari hata kasia likigonga ubavu husikika ng'ambo. Tena chombo chepesi kikikwama, watu wawili hukiburura.

Kazi yenyewe ilikuwa kusoma maji. Enzi hizo kujaa na kupwa kulitofautiana kama mita 2. Mvushaji aliyetoka Werkendam alishuka Merwede na maji ya kupwa, akakata vijitoni, kisha akangoja maji yanayojaa yampandishe Amer hadi Drimmelen. Akichelewa, kijito humkaukia na mapambazuko humkuta juu ya tope, mbele ya doria. Na hapa pana mtego unaoujua: kiza kinene ni cha mwezi mwandamo, na siku hizo hizo ndizo za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa wingi zaidi. Mkondo huwa mkali na vijito hukauka kuliko kawaida. Ukitaka maji mafu, yaani siku za kujaa na kupwa kudogo, mwezi wa nusu utakuwa juu yako kwa sehemu ya usiku.

Kusini walipeleka taarifa za kijeshi na watu wa kutoroshwa. Brigedia John Hackett wa jeshi la Uingereza, aliyejeruhiwa katika mapigano ya Arnhem, alivushwa Februari 1945. Kaskazini walirudi na dawa, insulini ikiwemo.

Arie van Driel na Kees van de Sande walikamatwa, wakapigwa risasi tarehe 30 Aprili 1945, siku chache tu kabla Wajerumani walioko Uholanzi hawajasalimu amri. Wote wawili walipewa, baada ya kufa, Nishani ya Kijeshi ya Willem, iliyo ya juu kabisa nchini humo.

SWALI: Mtu akienda leo na mtumbwi, ataweza kuifuata njia ile?
Msomaji, Malindi

JIBU: Kwa ramani, ndiyo, na Werkendam kuna makumbusho ya Biesbosch ya kuanzia. Kwa maji, hapana. Lango la bahari la Haringvliet lilizibwa 1970, na tangu hapo kujaa na kupwa kumepungua sana, sehemu nyingi kumebaki makumi machache ya sentimita. Hatasukumwa na kupwa kama wao wala hatakaukiwa kirahisi, kwa hiyo asiupime muda wao kwa wake.