Soneti ya mapenzi: maswali yenu

Shikamoo mwalimu. Nasikia shairi la soneti lina mishororo 14. Nikiandika beti tatu na nusu za tarbia, mishororo minne kila ubeti, si nimeipata? (Ujiji)

Marahaba. Hesabu imetimia, soneti bado. Kibwagizo cha tarbia huturudisha palepale kila ubeti. Soneti huenda mbele, kisha ikageuka. Mshairi Petrarca wa Italia aliigawa mishororo 8 na 6. Shakespeare wa Uingereza alipanga 4, 4, 4, halafu miwili ya kufungia.

Waingereza hutumia mizani 10. Nikiwaiga, mishororo yangu inachechemea. Kwa nini? (Tabora)

Kwa sababu wao hupanga silabi nyepesi kisha nzito, mara tano, na mshororo huishia kwenye nzito. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: mi-LI-ma. Maneno yetu hayakubali kuishia juu. Hushuka kidogo ndipo yatulie. Basi twende Italia, soneti ilikozaliwa karne ya 13. Huko mshororo una mizani 11, na mkazo wa mwisho unakaa kwenye ya 10. Ni kama wameupima kwa Kiswahili! Soma kwa sauti:

*Jua lazama nyuma ya milima,*
*Nami gatini ninakutazama.*

Hesabu kwa vidole: 11 na 11. Aliyewahi kusindikiza mtu bandarini Kigoma jioni, jua likitua upande wa Kongo, hatahitaji maelezo zaidi. Na kumbuka, "mpenzi" ni mizani 3: m-pe-nzi.

Vina vya kati ni lazima? (Kasulu)

Hapana, vya mwisho vinatosha. Shakespeare alitumia vina 7: abab cdcd efef gg (kila herufi ni kina kimoja). Minane ya Petrarca ina viwili tu, abba abba. Mimi nampendelea Petrarca, maana Kiswahili kina vina tele na sikio letu limezoea kina kinachodumu.

Mchumba wangu yuko Tabora masomoni. Nimwambie "nakupenda" mshororo wa ngapi? (Mwanga, Kigoma)

Mwanangu, treni ya kutoka Dar es Salaam ikifika Tabora, reli hugawanyika: huku Mwanza, huku kwetu. Mshororo wa 9 ndio Tabora yako. Katika minane ya kwanza mweleze ulivyo bila yeye: kiti kitupu, simu isiyoita. Hapo kwenye wa 9 geuka. Sema jambo ambalo upweke huo umekufunza juu yake, jambo ambalo hukulijua alipokuwa karibu. Ukilipata hilo, "nakupenda" huenda usiihitaji kabisa. Msomee kwanza kwa simu, polepole, ndipo umtumie maandishi.