Maswali ya Wasomaji: Laptopu Yangu Imekataliwa na Windows 11

SWALI: Fundi, salaam. Nina laptopu ya mwaka 2016 yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 6, RAM ya GB 8 na diski ya kuzunguka. Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, kwa hiyo kutwa nzima naandika, nasoma barua pepe na kutafuta maneno kwenye intaneti. Sasa imeniambia haiwezi kupokea Windows 11. Mdogo wangu anasema niitupe, ninunue moja ya zile mpya nyembamba. Kweli imekwisha?
Mtafsiri

JIBU: Usiitupe, ndugu yangu. Kilichofika mwisho ni Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 na kuendelea, ukiacha chache za kizazi cha 7. Yako imeachwa nje ya orodha hiyo ingawa haina ugonjwa wowote, na mimi jambo hili linaniuma. Prosesa yako na GB 8 za RAM zinakutosha kabisa kwa kuandika na kusoma.

Kinachokuchelewesha ni ile diski. Ndani yake mna kichwa kinachosafiri juu ya sahani inayozunguka, kikitafuta kipande cha faili huku na kingine kule. SSD, yaani diski inayohifadhi faili kwenye chipu, haina kitu kinachosogea. Laptopu nyingi za umri huo zinapokea SSD ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) ya inchi 2.5 mahali palepale pa diski ya zamani. Kinachohitajika ni bisibisi na subira kidogo. Hakuna badiliko jingine ninalolifanya kwa wateja linalowafurahisha kama hili.

Upande wa programu una njia mbili. Microsoft iliruhusu mwaka mmoja wa nyongeza, hadi 13 Oktoba 2026, wa masasisho ya usalama ya Windows 10 peke yake kwa watakaojiandikisha. Hiyo inakununulia muda tu. Mimi ningekuwekea Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Iweke kwenye flashi, washa laptopu kutokea hapo, uitumie jioni nzima bila kugusa diski yako. Fungua nyaraka zako ngumu kwa LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, hasa zenye majedwali na masahihisho ya mhariri pembeni, kwa maana hapo ndipo mpangilio huweza kuvurugika. Kama wateja wako wanadai Trados Studio, ile programu ya kutafsiria, fahamu kwamba hiyo ni ya Windows. OmegaT, nayo ya kutafsiria, inafanya kazi kwenye Linux bila shida, tena ni ya bure.

Kuhusu hizo nyembamba, mwambie mdogo wako aulize kwanza: RAM inachomoka, au imelehemiwa kwenye ubao mama? Mwaka 2012 Apple ilitoa MacBook Pro ya skrini ya Retina ikiwa na RAM iliyolehemiwa na betri iliyogandishwa kwa gundi, na iFixit, tovuti inayopima urahisi wa kutengeneza vifaa, wakaipa alama 1 kati ya 10 tu. Kampuni nyingine nyingi zikafuata njia hiyo. Kisha wembamba ukaingia hadi kwenye vitufe: kibodi ya Apple ya mwaka 2015, iliyoitwa ya kipepeo, ilikuwa na vitufe vyembamba mno hata vumbi dogo likaweza kukwamisha herufi, na mwaka 2019 kampuni yenyewe ikaanza kuiacha. Kwa mtu anayeandika kutwa, kibodi ni jambo la kwanza kabisa. Milimita chache za unene hazina thamani hiyo.

Siku ukilazimika kununua, tafuta yenye nafasi za RAM na SSD zinazofunguka. Kampuni ya Framework wamekuwa wakiuza laptopu za namna hiyo tangu 2021, na si nene. Ukikosa kabisa, chukua yenye GB 16 tangu mwanzo, kwa sababu RAM iliyolehemiwa huiongezi baadaye.

SWALI: Toleo jipya la mfumo likitoka, nilisakinishe siku hiyohiyo?
Mwanafunzi

JIBU: Hapana, mwanangu. Tenganisha mambo mawili. Viraka vya usalama, yaani masasisho madogo ya kuziba mianya, visakinishe mapema. Toleo kubwa lipe wiki kadhaa. Sasisho la Windows 10 la tarehe 2 Oktoba 2018 lilisimamishwa baada ya siku chache kwa kuwa lilifuta faili za baadhi ya watumiaji, likarudi Novemba. Wiki yako ikifika, nakili kazi zako kwenye diski ya nje, uichomoe, ndipo ubonyeze.