Kivuko cha Digo Road, upande wa Marikiti, Mombasa
Ndugu, umeuliza kwa nini wasichore tu mistari ya pundamilia Digo Road ili watu wa Mji wa Kale wavuke salama. Rangi pekee haimfanyi dereva wa matatu apunguze mwendo. Inueni kivuko chenyewe sentimita 10, kilingane na njia ya miguu, na mteremko uenee mita 1.5 kila upande. Ukiwa mkali zaidi, hamali atashindwa kupandisha mkokoteni. Kabro (matofali ya zege ya kutandika barabarani) ziwe na unene wa milimita 80 (zile za 60 ni za waendao kwa miguu), juu ya mchanga wa milimita 30 na kokoto zilizoshindiliwa. Lakini mitaro kwanza, jamani! Kivuko kilichoinuliwa huzuia maji, na masika ikianza yataishia madukani.