Maswali ya Wasomaji: Mfarishi wa Zamani na Mkasi

SWALI: Mpendwa Mhariri, nilipokuwa nikitafuta mapazia Gikomba nilikuta mfarishi wa viraka ulioshonwa kwa mkono. Baadhi ya viraka vya kahawia vimeoza, ilhali vyekundu vilivyo kando yake ni vizima. Je, ni wa zamani kweli? Naweza kuufua kwa mashine, au nikate sehemu nzima nishone foronya? Natamani pia kujifunza kushona wangu.
Msomaji, Buruburu

JIBU: Dada, nakusihi usiukate. Foronya unaweza kushona kwa kitambaa chochote, lakini mpangilio wa rangi aliouwaza mshonaji yule hauonekani tena mfarishi ukishakuwa vipande. Fikiria Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837: mifarishi yake inayojulikana kubaki ni miwili tu, mmoja ukiwa Washington na mwingine Boston, na watu husafiri mbali kwenda kuitazama kwa sababu kila mmoja ungali mzima.

Viraka vya kahawia ulivyovitaja ni dalili nzuri ya umri. Katika karne ya 19 rangi nyingi za kahawia na nyeusi zilipatikana kwa kutumia chuma pamoja na tanini ya mimea, na mchanganyiko huo hula nyuzi za pamba polepole, hata kiraka kimoja kikaoza na jirani yake akabaki imara. Hata hivyo, usiamue kwa dalili moja. Tazama kitambaa kipya kuliko vyote, kwa kuwa mfarishi hauwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kitambaa hicho. Ukikuta poliesta, hata katika ujazo wa ndani, basi ulishonwa baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Muundo wa viraka hausaidii sana, maana miundo iliyopendwa miaka 150 iliyopita ingali inashonwa leo.

Mashine ya kufulia isiuguse kabisa. Kitambaa kilichodhoofika kikilowa hubeba uzito wa maji, na msukosuko wa mashine humalizia kukichana. Rangi nyekundu nayo yaweza kuchuja na kutia doa pote. Uanike kivulini upigwe na upepo, kisha uufunge kwa shuka nyeupe ya pamba iliyofuliwa, wala usiutie kwenye mfuko wa plastiki wala kuulaza moja kwa moja juu ya mbao za kabati. Kila baada ya miezi michache ukunje kwa mikunjo mipya, ili nyuzi zisikatike mahali pamoja.

Kuhusu kushona wako, mwalimu wa kwanza tayari unaye: ugeuze mfarishi huo na uzifuate kwa macho njia za sindano. Utaona tabaka tatu, yaani uso wa viraka, ujazo na bitana, zilizounganishwa kwa mishono iliyokaribiana, kwa sababu pamba ya zamani iliyoachwa bila kushikiliwa hujikusanya mabonge. Anza na viraka tisa vya mraba, safu tatu za vitatu vitatu. Ukitaka kila kimoja kionekane cha inchi 3, kikate inchi 3 na nusu, kwa maana mshono hula robo inchi kila upande. Hapo ndipo wengi hukata tamaa: mshono ukizidi kwa milimita 1 tu, viraka viwili hupoteza milimita 2, na penye mishono 20 umepungukiwa sentimita 4, kwa hiyo safu hazilingani. Pima, piga pasi kila mshono, kisha endelea. Kwa ujazo, blanketi jembamba lililokwisha kuchakaa linatosha, na kwa baridi ya Julai hapa Nairobi utalifurahia. Piga bandi tabaka zote tatu, yaani zishikize kwa mishono mirefu ya muda, kabla ya kushona, zisihame.

Wala usidhani kwamba unahitaji vitambaa vya bei. Wanawake wa Gee's Bend, Alabama, walishona kwa nguo za kazi zilizochakaa, na mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa katika makumbusho ya Houston na New York. Binafsi sijaona mpangilio wa rangi unaonivutia kuliko ule wao wa jinzi iliyopauka.

SWALI: Je, naweza kuchanganya kitenge, leso na jinzi katika mfarishi mmoja?
Msomaji, Kawangware

JIBU: Kitenge na leso za pamba hupatana vizuri, lakini vifue kwanza, kwani vyote viwili huweza kuchuja rangi na kurudi. Jinzi ni nzito na huvuta leso hadi ikachanika kwenye mshono. Itengee mfarishi wake. Leso nzuri usiikate viraka: iache mji na jina vikiwa kamili katikati, kisha uzungushie viraka vya kitenge pembezoni. Ukinunua kitambaa Mtaa wa Biashara na huna hakika kama ni pamba, choma uzi mmoja: pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikawa punje ngumu.