Nyoka hakohoi, usikae kumsubiri akohoe

Nyie mnaoanza kufuga nyoka naomba niwaambie hili mapema maana mi nililijua nikiwa nishachelewa. Mbwa akiugua kifua atakohoa mpaka mkose usingizi nyumba nzima, paka atapiga chafya, ila nyoka hana ule msuli wa kiwambo tulio nao sisi chini ya mapafu, kwa hiyo kukohoa ile ya kutoa makohozi hawezi, yakishajaa yanabaki humo humo. Na usaha wake sio wa majimaji kama wetu, unaganda kama jibini. Afu nyoka wengi pafu linalofanya kazi ni moja tu, la kulia, la kushoto ni kadogo sana au hamna kabisa (chatu na boa wanayo mawili ila la kushoto ni dogo zaidi). Yani pafu refu kama bomba na hana namna ya kulisafisha. Ndo maana ukiona mapovu mdomoni jua ugonjwa wa kifua haukuanza jana.

Wa kwangu alikuwa chatu, yule mdogo wa Afrika Magharibi anayejikunja kama mpira akiogopa. Alianza na kamluzi kembamba puani, tena usiku tu. Nikasema huyu anataka kujivua gamba, na kweli macho yalikuwa na ule ukungu wa bluu, nikajiona mjuzi. Gamba likatoka zima, mluzi ukabaki. Hapo ndo nilitakiwa kushtuka, badala yake nikajiambia labda kuna kipande cha gamba kimeziba tundu la pua, nikapoteza wiki nyingine mbili hivi nikimsubiria. Siku moja nikamkuta ameegemeza kichwa kwenye kioo kimesimama juu, mdomo wazi kidogo, na pembeni ya mdomo uzi wa mate.

Hiyo ya kuinua kichwa muijue vizuri maana picha zake watu wanazionaga nzuri kabisa, eti nyoka anaangalia nyota. Anainua ili ute usimzibe, apate hewa. Ukimkuta mara moja sio kesi, ila akilala hivyo, kila ukipita yuko hivyo hivyo, huyo anatafuta pumzi. Kupumua kwa mdomo wazi nako ni dalili mbaya, sio kitu cha kusema tuangalie wiki ijayo.

Sasa msije mkapaniki kwa kila kitu. Nyoka akimaliza kumeza atapiga miayo miwili mitatu kurudisha taya zake sawa, hiyo ni kawaida. Akitoka kunywa maji anaweza kuwa na kapovu puani, kawaida. Akikukasirikia atatoa ile sauti ya ssss, hapo hamna ugonjwa, ni wewe unamsumbua. Sauti ya kukutisha ni ile inayotoka akiwa ametulia, hakuna anayemgusa, unasikia kukoroma, mluzi au vitu kama vinapasuka pasuka ndani kila akivuta hewa. Zima kila kitu chumbani, weka sikio karibu, sikiliza dakika kadhaa. Na ukiisikia irekodi kwa simu, nawaambia ukweli, ukifika kwa daktari nyoka ananyamaza kimya utafikiri umemsingizia.

Kingine ni mzani. Mimi sikuwa napima uzito kabisa. Ukipima kila wiki ukaandika mahali utaona anashuka kabla hata macho yako hayajaona, kwa sababu kukataa chakula peke yake hakukwambii kitu, hasa kwa hao chatu, wanaweza kugoma miezi wakiwa wazima.

Chanzo? Kwangu ilikuwa ujinga wa kizimba. Nilikuwa na kile kipimajoto cha kubandika kwenye kioo, nimekibandika juu, kinasoma vizuri tu, kumbe chini anapolala nyoka ni baridi, na usiku nikizima taa inashuka zaidi. Nyoka hajitengenezei joto mwilini, kinga yake inategemea joto la pale alipo, akikaa kwenye baridi kinga inalala, bakteria wale wale anaoishi nao kila siku wanapata nafasi. Halafu nikasoma mahali chatu anataka unyevu, nikawa napuliza maji ya baridi asubuhi na jioni na matundu ya hewa nikayaziba kwa plastiki ili unyevu usitoke. Baridi, majimaji, hewa imesimama. Ukitaka kumuumiza nyoka kwa makusudi ndo ungefanya hivyo.

Kwa aina hiyo ya chatu upande wa joto uwe kama nyuzi 31 mpaka 33, upande wa baridi 25 mpaka 27, unyevu asilimia 60 kwenda juu kidogo ila hewa itembee na chini pasiwe tope. Nyoka wengine wana vipimo vyao, msikopi vya kwangu, tafuteni vya aina yenu. Ile ncha ya kipimajoto inayopima iwe pale tumbo la nyoka linapogusa, na kifaa cha joto kipite kwenye themostati, kile kidude kinachowasha na kuzima ili joto libaki sawa. Angalieni pia utitiri, vile vidudu vyeusi vidogo vinavyojificha chini ya magamba na pembeni ya macho, vinamnyonya damu, vinamdhoofisha na vinaweza kubeba magonjwa kutoka nyoka mmoja kwenda mwingine.

Ukishashuku, siku hiyo hiyo mtenge, yeye na vyombo vyake, na umhudumie wa mwisho baada ya wengine. Pandisha joto liende kwenye kiwango cha juu cha aina yake, usiku lisishuke, ila muachie upande wa baridi wa kukimbilia, usimchemshe. Toa matandiko, weka karatasi, maji safi. Acha kumshika shika na usimlazimishe kula. Kuna watu watakwambia pandisha joto tu atapona. Nyoka ambaye kilichomkuta ni kamluzi ka jana anaweza kupata nafuu hivyo, lakini akishafika kwenye mapovu na mdomo wazi, joto linamsaidia kupigana, haliwi dawa.

Dawa sasa, na hapa nina kosa la pili. Nilikuwa na antibayotiki ya kuku ya kuchanganya kwenye maji, nikampa. Haikusaidia kitu, halafu daktari alipochukua ute wa koo aupeleke maabara waoteshe waone ni bakteria gani na anauliwa na dawa ipi, hakikuota chochote cha maana, kwa sababu nilishavuruga na ile dawa yangu. Kwa hiyo sampuli kwanza, dawa baadae. Na mtafute daktari anayejua reptilia, sio kila daktari wa mifugo amewahi kumshika nyoka.

Wengi wanaanza na sindano ya antibayotiki inayoitwa ceftazidime, ambayo kwa nyoka huchomwa mara moja kila baada ya siku 3 hivi kwa sababu mwili wake unaitoa taratibu, tofauti kabisa na sisi. Kuna antibayotiki nyingine, enrofloxacin, nayo inatumika ila inauma na inaweza kuacha kidonda pale ilipochomwa. Sindano huwa inachomwa sehemu ya mbele ya mwili, kwa tahadhari, maana damu ya nyuma inapitia kwenye figo kwanza. Dozi ni kwa gramu za uzito wake, msikadirie kwa macho. Wengine huongezewa mvuke wa dawa kwa nebulaiza, ile mashine ya kugeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta. Inaenda wiki kadhaa, na mluzi utakata katikati utajaribiwa kuacha, usiache, wa kwangu ulikata kwenye sindano ya nne na daktari akanizuia.

Kama dozi imeisha vizuri na bado anakoroma, ulizia virusi. Kwa chatu kuna nidovirusi, iliyoelezwa kisayansi mwaka 2014, haina dawa, antibayotiki inatibu bakteria waliodandia tu, na nyoka mwenye nayo anaweza kuonekana mzima akaambukiza wenzake. Kipimo chake ni PCR, kile cha maabara cha kutafuta vinasaba vya virusi, wanachukua ute wa mdomoni. Ndo sababu ya karantini ya mgeni, siku 90 watu wengi wanazitaja, kama una chatu wengine ongeza na hicho kipimo.

Siku ya kumpeleka mtie kwenye mfuko wa kitambaa ndani ya boksi lenye matundu, weka chupa ya maji ya uvuguvugu pembeni iliyofungwa taulo isimguse. Beba na karatasi ya joto, unyevu na uzito, hivyo ndo vitu vya kwanza nilivyoulizwa na sikuwa na hata kimoja.