Kabla Jamaa Hajakutumia Blenda Kutoka Marekani

Ramadhani ikikaribia, maboksi ya jamaa walio ng'ambo humiminika hapa Malindi, na ndipo majirani huniletea vyombo vya jikoni nivitazame. Vya Dubai na Muscat havinipi kazi. Umeme wa huko ni kama wetu: volti 220 hadi 240, hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na plagi ni ile ile ya pini tatu bapa.

Vya Italia, ambavyo mji huu haukosi, hutumia volti 230. Kinachogomba ni plagi tu. Hapo nawasihi: msichomeke kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Mashine ya kahawa yenye mwili wa chuma inahitaji ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja, na kwa njia hiyo haiipati. Mwite fundi aikate hiyo plagi, afunge ya kwetu yenye fyuzi, nyaya zote tatu.

Vya Marekani ndivyo vinavyoniuma. Kule ni volti 120, hezi 60. Mtu hununua adapta akidhani kazi imekwisha, kumbe adapta hubadilisha umbo la plagi tu. Volti 240 zinapita vile vile. Na volti zikiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Tosta ya wati 800 inasukumiwa wati 3,200, na waya wake wa ndani hukatika mkate ukiwa bado mweupe. Blenda hunguruma, ikatoa moshi, na mota imekufa kabla tui halijachujwa.

Transfoma ya kushusha volti husaidia, mradi uwezo wake uzidi wa chombo: blenda ya wati 600 mimi huipa transfoma ya wati 1,000. Ila transfoma haibadilishi hezi. Maikrowevu iliyoundwa kwa hezi 60 pekee, ikila umeme wa hezi 50, hupata joto kupita kiasi. Hiyo ibaki huko huko. Saudia nako ni hezi 60, kwa hiyo walio na ndugu Jeddah nao wawe macho.

Mwambie jamaa yako apige picha ya kibandiko kilicho chini ya chombo kabla hajalipa. Kikisema 100–240V, 50/60Hz, kama chaja nyingi za simu, kipokee. Kikisema 120V pekee, muombe akutumie hizo pesa ununue blenda hapa mjini.