Maswali Yenu: Kromosomu 46 zinagawanywaje zikabaki 46?

SWALI: Mwalimu ametufundisha kwamba seli ya binadamu ina kromosomu 46 (nyuzi za DNA zinazobeba urithi), na mitosisi, yaani kugawanyika kwa seli, ikiisha kila seli mpya inabaki na 46. Kitabu nacho kinataja 92. Nishike lipi?

JIBU: Yote mawili ni sahihi, ila kila moja lina wakati wake. Ukitaka usichanganyikiwe tena, hesabu sentromia, yaani ile sehemu iliyobanwa ambapo kromatidi dada mbili, nakala mbili za kromosomu moja, zimeshikana. Idadi ya sentromia ndiyo idadi ya kromosomu.

Kazi kubwa hufanyika kabla ya mitosisi, katika interfazi, kipindi kati ya mgawanyiko mmoja na mwingine. Seli za binadamu zinazokuzwa maabara hukamilisha mzunguko wao kwa takriban saa 24, na katika hizo mitosisi huchukua kama saa 1 tu. Ndani ya interfazi DNA yote hunakiliwa, nayo si haba: ya seli moja ikinyooshwa hufika karibu mita 2. Baada ya hapo kila kromosomu ina kromatidi mbili zilizofungwa pamoja na protini iitwayo koesini. Sentromia bado ni 46, kwa hiyo kromosomu ni 46 na kromatidi ni 92.

Katika profazi, hatua ya kwanza ya mitosisi, nyuzi hizo ndefu hujikunja zikawa fupi na nene, kisha utando wa kiini huvunjika. Nyuzi za spindeli kutoka ncha mbili za seli huzinasa kromosomu kwenye kinetokori, vibanio vya protini vilivyo juu ya sentromia. Katika metafazi zote huwa zimejipanga katikati.

Hapa seli husubiri, na hii kwetu ndiyo sehemu inayostahili kusomwa kwa makini kuliko zote. Kinetokori moja tu isiyonaswa hutoa ishara ya kuzuia, na anafazi, hatua ya kromatidi kuachana, haianzi. Zote zikishanaswa, kimeng'enya kiitwacho separesi huikata koesini, na kromatidi dada huvutwa kila moja upande wake. Tangu zinapoachana, kila moja huitwa kromosomu. Basi kwa dakika chache seli moja ina kromosomu 92, na ndiyo 92 unayoiona kitabuni. Telofazi hujenga viini viwili, saitoplazimu hugawanyika, na kila seli huondoka na 46. Kizuizi hicho kisipofanya kazi, seli moja huweza kupata 47 na nyingine 45, hali inayoonekana sana katika seli za saratani.

SWALI: Tumetazama ncha ya mzizi wa kitunguu kwa hadubini tukaona viini vya duara tu, hakuna kromosomu hata moja. Tumekosea wapi?

JIBU: Huenda mmekata mbali na ncha. Seli zinazogawanyika ziko katika milimita 2 hivi za mwisho. Juu ya hapo seli zinarefuka tu. Tumieni mizizi michanga ya sentimita 1 hadi 2. Ilowekeni katika mchanganyiko wa ethanoli sehemu 3 na asidi ya asetiki isiyochanganywa na maji sehemu 1, ili seli zigande katika hatua zilipo. Kisha itieni katika asidi ya hidrokloriki ya molari 1 kwa dakika 5 kwenye nyuzi 60 za Selsiasi, mkiwa mmevaa miwani ya kinga. Asidi hiyo hulegeza pektini inayogandisha seli pamoja. Mkiharakisha hatua hii seli zitabaki zimerundikana, na hamtaona kitu.

Suuzeni, kateni ncha, tieni rangi ya asetoorseini, funikeni kwa kioo chembamba, kisha bonyezeni kwa kidole gumba juu ya karatasi ya kuchujia. Bonyezeni wima, kioo kikiteleza pembeni seli huviringika na kuharibika.

Anzeni na ukuzaji wa mara 100 mkitafuta seli ndogo za mraba. Mkiona ndefu za mstatili, sogezeni slaidi kuelekea nchani, halafu pandeni hadi mara 400. Hata slaidi nzuri huwa na seli nyingi zilizo katika interfazi, kwa hiyo pitieni maeneo mengi kabla ya kukata tamaa. Kromosomu za kitunguu ni 16, kubwa na rahisi kuonekana.

SWALI: Kwa nini baadhi ya dawa za saratani hunyonyoa nywele?

JIBU: Dawa iitwayo vinkristini huzuia mikrotubuli, mirija midogo ya protini inayounda nyuzi za spindeli, zisijengeke; nyingine, paklitakseli, huzizuia zisibomoke. Vyovyote vile spindeli haifanyi kazi, seli hukwama kabla ya anafazi, na nyingi hufa. Dawa haibagui seli ya saratani na seli ya shina la unywele, ambayo nayo hugawanyika haraka. Seli za neva hazigawanyiki, lakini husafirisha mizigo yao juu ya mikrotubuli hizohizo, ndiyo maana dawa hizi huweza kuleta ganzi vidoleni. Mgonjwa akianza kuihisi amwambie daktari mapema, kwa kuwa kipimo cha dawa huweza kupunguzwa.